MGONJWA WA AKILI NAYE ANA MOYO

 

Wanafunzi wetu wapenzi, pamoja nanyi wazazi na walezi mnaolisoma jarida hili nyumbani. Kila aliyepita darasa la fiqhi hapa madrasani anaweza kuyahesabu masharti ya mtu kuwajibikiwa na Sala: awe Muislamu, awe amebaleghe, awe na akili timamu. Sharti hilo la tatu huwa tunalipita mbio. Tunasema mwendawazimu haandikiwi dhambi, tunafunua ukurasa, tunaendelea na nguzo za udhu. Lakini sheria iliyomwondolea mtu huyo wajibu wa Sala na Saumu haikumwondolea haki zake. Mali yake huwekewa msimamizi asidhulumiwe. Mwili wake unabaki na haki ya kulishwa, kusitiriwa na kutibiwa kama mwili wa mtu mwingine yeyote.

Katika makala haya nataka tukitazame kiungo kimoja tu cha mwili huo, nacho ni moyo. Sikusudii moyo wa nia na imani tunaousoma katika akhlaqi, bali kile kipande cha nyama kinachodunda kifuani. Nimechagua mada hii kwa sababu katika nyumba nyingi za wanafunzi wetu yumo mjomba, shangazi au kaka mwenye maradhi ya akili, na jamaa wote wanaangalia kichwa chake tu. Leo ametulia, leo amepanda, leo ameongea peke yake. Kifua chake hakiulizwi.

MARADHI GANI TUNAYAKUSUDIA

Mtaani neno "kichaa" hutupiwa kila mtu, kuanzia aliyekasirika sokoni mpaka anayecheka peke yake njiani. Madaktari hutenganisha. Iko skizofrenia, ambapo mgonjwa husikia sauti wasizozisikia wengine, huamini kuwa watu wanamfuatilia au wanamtilia sumu, na fikra zake hukatika vipande vipande. Uko ugonjwa wa hisia mseto, unaompandisha mtu juu kwa siku au wiki kadhaa, halali, anatapanya pesa, anaona anaweza kila kitu, kisha unamshusha kwenye huzuni nzito. Na iko sonona kali. Hiyo si huzuni ya kufiwa wala ya kufeli mtihani. Ni ile inayomlaza mtu miezi, hali, hasemi, na wengine hufika hadi ya kuichoka roho yao.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wenye maradhi makubwa ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine. Ukimuuliza mtu sababu, atakwambia wamejiua au wamegongwa na gari. Hayo yapo. Hata hivyo, katika nchi zinazoweka hesabu nzuri za vifo, wengi wao hufa kwa maradhi ya mwili, na maradhi ya moyo na mishipa ya damu yako mstari wa mbele. Mwaka 2017 watafiti walizikusanya pamoja tafiti kutoka nchi mbalimbali, zenye wagonjwa zaidi ya milioni 3, wakawalinganisha na watu wengine zaidi ya milioni 113. Ilionekana kuwa hatari ya wagonjwa hao kupata maradhi ya moyo na mishipa ilizidi ya wenzao kwa asilimia 78, na hatari ya kufa kwa maradhi hayo ilizidi kwa asilimia 85. Kwa hesabu nyepesi: pale ambapo watu 10 wa kawaida wangepata maradhi ya moyo, kwa wagonjwa wa akili wa idadi na umri ule ule wangepata kama 18.

WAZEE WETU WALIYAONA

Jambo hili lina asili ndefu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Jina lenyewe linatosha kuonesha mtazamo wake: mwili na nafsi aliviweka ndani ya jalada moja, kwa kuwa kimoja kikiugua hukiumiza na kingine. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037 Miladia), alieleza katika Qanun namna ya kumgundua mtu anayeugua kwa mapenzi huku anaficha. Tabibu amshike mkono penye mshipa, kisha ataje majina mbalimbali. Jina likitajwa na mpigo ukabadilika ghafla, siri imetoka. (Vijana wa darasa la juu wasicheke sana.) Alichokijua Ibn Sina ni kwamba kinachopita katika nafsi husomeka kwenye mapigo ya moyo.

Ile hospitali kubwa ya Sultan Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 683 Hijria (1284 Miladia), ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili ndani ya ua ule ule wenye sehemu za homa, macho na upasuaji. Siku hizi kwetu Tanzania ukitaja akili watu wa Bara wanakwambia Mirembe, Dodoma, na wa Unguja wanakwambia Kidongo Chekundu. Ukitaja moyo wanakwambia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Utaalamu lazima ugawanywe, hilo halina ubishi, lakini mgonjwa hagawanyiki. Anakwenda na vyote viwili popote anapopelekwa.

Wazungu nao waliliona. Daktari Mwingereza Henry Maudsley aliandika mwaka 1879 kwamba kisukari huonekana mara nyingi katika familia zenye wazimu. Mwaka 1937 Benjamin Malzberg alichunguza vifo vya wagonjwa wenye huzuni kali katika hospitali za jimbo la New York, akakuta maradhi ya moyo yamewaua kwa wingi usio wa kawaida. Naomba miaka hiyo miwili muikumbuke, kwa sababu nitaihitaji hapo chini tutakapofika kwenye dawa.

MAMBO YANAINGIAJE MOYONI

Mwanafunzi akiitwa ghafla mbele ya darasa asome sura asiyoihifadhi, moyo humwenda mbio na viganja humtoka jasho. Mwili umemwaga homoni za hofu, adrenalini na kotisoli. Presha inapanda, sukari inaongezeka katika damu, mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Akirudi kukaa, baada ya muda mfupi yote yanashuka. Sasa mfikirie mtu anayesikia sauti zikimtishia kumuua, mchana na usiku, na hana pa kurudi kukaa. Mwili wake uko mbele ya darasa kwa miezi na miaka. Kotisoli isiposhuka huacha sukari juu na kulundika mafuta tumboni. Chembe za kugandisha damu hunata kwa urahisi zaidi, na kuta za mishipa hupata uvimbe mdogo mdogo wa kudumu ambao mafuta hujishikiza hapo. Mshipa unaolisha moyo unazidi kuwa mwembamba, mpaka siku damu inapoganda ndani yake na sehemu ya nyama ya moyo ikakosa hewa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Njia hii inapitika pande zote mbili. Huko Montreal, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 1993 uliwafuatilia wagonjwa 222 waliopata mshtuko wa moyo wakanusurika. Waliokuwa na sonona walikufa kwa wingi zaidi ndani ya miezi 6 kuliko wasiokuwa nayo. Na wapo wanaopata udhaifu wa ghafla wa moyo kwa msiba au hofu kubwa, bila mshipa wowote kuziba. Wajapani walioueleza ugonjwa huo mwaka 1990 waliuita takotsubo, jina la chungu wanachotegea pweza, kwa sababu moyo kwenye picha ulivimba chini na kuwa mwembamba juu kama chungu hicho. Wengi wake hupona.

Sigara huongeza mzigo. Wagonjwa wa skizofrenia huvuta kuliko watu wengine, na wengi huvuta nyingi sana. Ongeza kukaa kitako kutwa, usingizi ulioharibika, na chakula cha mtu asiye na kipato: chai yenye sukari vijiko vinne, mandazi, wali mkavu, soda. Na wale wanaofungwa kamba au minyororo, iwe nyumbani au kwa mganga, mambo huwa mabaya zaidi, kwani mtu asiyetembea damu huweza kumganda miguuni, na bonge likichomoka huenda mapafuni likaua mara moja.

SUALA LA DAWA

Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapokwama.

Dawa ya kwanza ya kisasa ya wazimu, klopromazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Kabla yake wengi waliishia kufungiwa maisha. Zikafuata nyingine, zikiwemo haloperidoli na sindano za kuchoma mara moja kwa mwezi. Dawa hizi zimewarudisha watu majumbani, sokoni na misikitini. Lakini nyingi zina gharama kwa mwili. Olanzapini na klozapini ndizo zinazojulikana zaidi kwa kuongeza njaa. Mgonjwa anakula, hashibi, na ndani ya miezi michache anaweza kuongezeka kilo nyingi. Familia hufurahi: "Alhamdulillah, amenawiri." Kumbe tumbo linakua, na nyuma yake sukari na mafuta ya damu vinapanda. Baadhi ya dawa huchelewesha umeme unaoendesha mapigo ya moyo. Mojawapo, thioridazini, kiwanda kilichoianzisha kiliiondoa sokoni duniani kote mwaka 2005 kwa sababu hiyo. Klozapini yenyewe huweza, kwa wachache, kusababisha uvimbe wa nyama ya moyo, na mara nyingi hutokea katika wiki za mwanzo. Homa, mapigo ya kasi, kifua kuuma na pumzi kukata wakati huo si mambo ya kungojea kesho.

Mtu akisikia hayo husema: basi tumwachishe, tumsomee tu. Ndugu zangu, subirini kwanza.

Maudsley aliandika mwaka 1879 na Malzberg mwaka 1937, kabla klopromazini haijatengenezwa. Uhusiano wa maradhi ya akili, kisukari na moyo ulikuwepo bila vidonge. Na siku hizi, wagonjwa wapya wa skizofrenia wanapopimwa kabla hawajameza hata kidonge kimoja, tayari miili yao inaonekana kushindwa kuitumia sukari vizuri kuliko watu wa rika lao. Kisha uko utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2009, uliowafuatilia wagonjwa 66,881 wa skizofrenia kwa miaka 11. Wale ambao hawakutumia dawa kabisa walikufa kwa wingi zaidi kuliko waliotumia kwa muda mrefu. Mgonjwa aliyetulia anakula kwa wakati, analala, anakubali kupelekwa kliniki. Aliyeachishwa dawa anarudi kwenye sauti zake, na homoni za hofu zinarudi naye.

Kisomo ni haki yake, na sisi tunaosomesha Qur'ani ndio wa mwanzo kumsomea. Lakini sijui aya wala mwanachuoni aliyesema anayesomewa asipimwe presha. Dawa ikimnenepesha, daktari anaweza kuibadilisha, kupunguza kipimo, au kuongeza metformini ya kuzuia uzito na sukari. Mlango huo upo, ila haufunguki mpaka familia iseme kilichotokea.

Sigara nayo ina jambo lake la ajabu. Moshi wake hulifanya ini liharakishe kuiondoa klozapini na olanzapini mwilini, kwa hiyo mvutaji hupewa dozi kubwa zaidi. Akiacha ghafla, dawa ile ile humzidi, akasinzia kutwa na kuyumba. Kuacha sigara ni kheri kubwa kwa moyo wake, ila daktari ajulishwe kabla, ili dozi ipunguzwe.

RAMADHANI

Mwenye akili iliyotulia kwa dawa hupenda kufunga kama wenzake, na inampa heshima yake. Wengi wanaweza kwa kuhamishia dawa usiku, baada ya kushauriana na daktari kabla ya mwezi kuandama. Anayetumia lithiamu, inayotolewa kwa ugonjwa wa hisia mseto, awe na tahadhari ya pekee. Lithiamu ni namna ya chumvi. Mwili ukikauka kwa kiu na jasho, figo huizuia ndani, ikapanda hadi kuwa sumu: mikono kutetemeka sana, kutapika, kuharisha, kuyumba, ulimi kuwa mzito, na hata mpigo wa moyo kuharibika. Mtu wa namna hii daktari akimwambia asifunge, basi ni mgonjwa mwenye ruhusa, na asitazamwe kwa jicho baya anapokunywa maji mchana.

MAUMIVU YASIYOSIKILIZWA

Mzazi mmoja wa wanafunzi wetu amenipa ruhusa nieleze yaliyompata ndugu yake, mwenye umri wa miaka 40 na kitu, mgonjwa wa skizofrenia tangu ujana. Usiku mmoja alilalamika kuwa kuna mtu amemkalia kifuani. Kwa kuwa siku zote husema mambo ya watu wasioonekana, nyumbani walichukulia kuwa amezidiwa na yale yale. Alipoanza kutoka jasho jingi walimpeleka hospitali. Aliyempokea alisikia neno "mgonjwa wa akili", akamchoma sindano ya usingizi, akawarudisha. Asubuhi walikwenda hospitali nyingine, wakapima umeme wa moyo, na ikaonekana kuwa sehemu ya moyo imekwisha kufa. Yu hai, namshukuru Mola, lakini ngazi za nyumba yao hazipandi tena kwa mkupuo mmoja.

"Mtu amenikalia kifuani." Hebu mwambieni mtu mwenye akili timamu aeleze mshtuko wa moyo, muone kama hatatumia maneno hayo hayo.

Kosa la namna hii linajulikana duniani kote. Jina la ugonjwa wa akili hufunika kila kinachosemwa na mgonjwa. Na wapo wengine wa skizofrenia ambao hata maumivu makali hawayalalamikii, hivyo kimya chao kisituhadae.

Sitaki mtu adhani kuwa moyo ndio mlango pekee wa kifo. Huko Butajira, Ethiopia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa vijijini kwa miaka 10 na kukuta wanakufa karibu mara mbili ya wengine, na yaliyoongoza ni maradhi ya kuambukiza. Kikohozi chao, homa zao na njaa yao vinatuhusu vile vile. Lakini kadiri miji yetu inavyobadilisha chakula na mwendo, presha na kisukari vinaingia katika kila nyumba, na hatuna sababu ya kudhani vitaruka chumba cha mgonjwa wa akili.

KINACHOWEZEKANA NYUMBANI

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu afya ya mwili ya watu hawa, na mengi yaliyomo hayahitaji mashine kubwa. Kabla ya kuanza dawa mpya apimwe uzito, mzingo wa kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu. Arudie baada ya miezi 3, kisha angalau kila mwaka. Kama kliniki ya akili haina kipimo fulani, kituo cha afya cha jirani huenda kinacho. Nyinyi wanafunzi mnajua kusoma na kuandika: chukueni daftari, liandikeni jina lake, muweke uzito na presha kila mwezi, pamoja na majina ya dawa. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Anayekwenda sokoni amchukue waende wote kwa miguu, na anayekwenda Sala ya Alasiri vile vile, akitaka. Sukari ya chai ipunguzwe kwa nyumba nzima, asinyimwe yeye peke yake akaona anaadhibiwa.

Na siku akisema kifua kinambana, au maumivu yanakwenda mkononi, tayani au mgongoni, au akitoka jasho baridi, akatapika, akakosa pumzi, mpelekeni hospitali wakati huo huo. Mkifika mlangoni, anzeni na kifua: "Ana maumivu ya kifua tangu saa fulani." Ombeni apimwe umeme wa moyo. Hayo yakishasikika na kuandikwa, ndipo mtoe vidonge vyake na lile daftari, mueleze kwamba anatumia dawa za akili, na ni zipi.